Maswali ya Wasomaji: Kidole kimoja, madaktari wawili

SUALI: Assalaam alaykum. Mimi ni seremala, Wete. Msumeno wa meza ulinikata kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kwenye kiungo cha katikati. Daktari wa tajiri wangu kaandika ulemavu wa kudumu asilimia 8, wa hospitali kaandika 16. Tajiri anataka kulipa kwa 8. Nani kakosea?

JIBU: Waalaykumu ssalaam, na pole sana. Huenda hakuna aliyekosea. Kwa vipimo vya Chama cha Madaktari wa Marekani, vinavyotumika nchi nyingi, kidole cha shahada kikiondoka chote ni asilimia 20 ya kiganja. Kikikatwa kiungo cha katikati huhesabiwa kimepotea kwa asilimia 80, yaani 16 ya kiganja. Kiganja ni asilimia 90 ya mkono mzima tangu begani, unapata 14. Mkono nao ni asilimia 60 ya mwili, inabaki 8. Basi kila daktari aandike asilimia yake ni ya kiungo gani, na katumia jedwali lipi. Nambari tupu haibishaniwi.

Hata hivyo, hesabu hiyo ni ya mfupa uliokatika tu. Je, kidole cha kati, jirani yake, kinakunjika mpaka mwisho? Hupimwa kwa kipima pembe, ukikunja mwenyewe, si daktari akikusukumia. Na kwenye kigutu, hisia zipo? Hapa ndipo watu wanapopunjwa, maana wengine hutazama picha ya eksirei wakafunga faili. Kama ulipimwa uvimbe haujaisha, omba upimwe tena. Ulemavu wa kudumu hupimwa hali ikishatulia.

Usihangaike na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Ule ni wa Tanzania Bara. Huku kwetu Zanzibar ni Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986, na marekebisho ya 2005. Nenda kwa afisa kazi Pemba na ripoti zote mbili, maelezo ya upasuaji na hati za mshahara za kabla ya ajali. Ulikuwa ukilipwa mkononi? Chukua daftari la mahudhurio, au wenzako wawili wa karakana.

Tajiri akitoa pesa za ile 8, zipokee, ila risiti isomeke "sehemu ya malipo". Karatasi yenye "sina dai jingine" usiitie saini wala dole gumba.