Karatasi za chumba cha giza: zilizokufa na zilizofufuka

Nilipoandika juu ya kusafisha picha za nyeusi na nyeupe kwa mkono, karibu kila aliyeniuliza swali aliuliza kuhusu karatasi za kutolea picha hizo, ambazo nyingi viwanda vimeacha kuzitengeneza. Nayajibu hapa machache.

*Fomula za zamani zipo. Kwa nini mtu asizichukue akatengeneza karatasi ileile?* (Msomaji, Tanga)

Fomula ni sehemu ndogo ya kazi, ndugu yangu. Nitrati ya fedha huchanganywa gizani na chumvi za bromidi au kloridi ndani ya jelatini. Joto, kasi ya kumimina na muda wa kuiva ndivyo vinavyoamua ukubwa wa chembe, na chembe ndizo picha yenyewe. Badili jelatini tu, umepata karatasi nyingine. Kisha mchanganyiko huo upakwe juu ya karatasi yenye tabaka la barita (unga mweupe wa madini), bila povu wala mchirizi, gizani bado. Mashine zilizokuwa zikifanya hivyo zilijengwa wakati kila mtaa una studio. Ukiiwasha leo, kwa muda mfupi inatoa mzigo wa kuuza miaka, nao unachakaa stoo. Kwa hiyo anayetaka kufufua karatasi hana budi kupata mashine ndogo na wazee wanaoijua.

*Ipo iliyofufuka kweli?* (Msomaji, Nairobi)

Ipo, na habari yake naipenda sana. AgfaPhoto ya Ujerumani ilifilisika mwaka 2005, ikaondoka na karatasi yake ya Multicontrast Classic. Adox, nayo ya Ujerumani, ikairudisha kwa jina la MCC 110. Kisha kiwanda cha Ilford cha Marly, Uswisi, kikafilisika mwishoni mwa 2013! Adox wakaishika mashine ya upakaji ya ukubwa wa kati iliyokuwamo humo. Walianza kwa kuokoa karatasi, wakajikuta wanaokoa na mashine. (Ilford ya Uingereza, ile ya Mobberley, ni kampuni tofauti, na inaendelea kutengeneza karatasi.)

*Azo ilikuwa na nini hata watu waililie hivyo?* (Msomaji, Mombasa)

Azo ya Kodak ilikuwa ya kloridi ya fedha, nzito kushika mwanga. Haikufaa kwa mashine ya kukuzia picha. Negativu kubwa ililazwa juu yake, picha ikatoka kwa ukubwa uleule, na vivuli vyenye kina ambacho sijakiona kwingine. Kodak ilipotangaza mwaka 2005 kuacha karatasi za nyeusi na nyeupe, wapiga picha wawili wa Marekani, Michael A. Smith na Paula Chamlee, waliagiza itengenezwe mbadala wake, wakaiita Lodima. Lisome jina hilo kinyumenyume: amidol, dawa ya kusafishia waliyoipenda. Adox pia wana ya aina hiyo, Lupex.

*Zile za rangi ya joto za zamani, zenye weusi wa kuelekea kahawia, zitarudi?* (Msomaji, Morogoro)

Zilivyokuwa, hapana. Baadhi zilitiwa kadmiamu, nayo ni sumu.

*Nimerithi boksi la karatasi za marehemu baba. Zinafaa?* (Msomaji, Zanzibar)

Usizitupe, dada. Chini ya taa nyekundu kata vipande viwili ambavyo havijapigwa mwanga. Kimoja kipitishe kwenye dawa ya kusafishia kisha hipo (dawa ya kuidhibiti picha isiendelee kubadilika), kingine kitie hipo moja kwa moja. Vioshe, uvilinganishe mchana. Vikiwa vyeupe sawasawa, karatasi ni nzima. Cha kwanza kikiwa kijivu hafifu, tia benzotriazoli (kemikali ya kuzuia ukungu huo wa kijivu) kidogo kwenye dawa ya kusafishia ujaribu tena.