Kabla hujapaka protini, shika nywele zenyewe

Mmoja wa wateja wangu wa mwanzo alikuja na nywele kavu, zinakatika. Nikampaka tritimenti ya protini. Wiki iliyofuata zilikuwa ngumu zaidi, nami nikaongeza. Mara ya tatu, kitana kilipopita, nikazisikia zikivunjika kama majani makavu. Nilidhani zina njaa, kumbe nilikuwa nimezilisha protini kupita kiasi. Ninyi mnaoanza ususi, msilirudie kosa hilo.

Unywele ukishatoka nje ya ngozi hauna uhai. Umejengwa zaidi kwa keratini, ambayo yenyewe ni protini, ila hauli wala haujiponyi. Tunachopaka ni kiraka: kinashika palipochubuka, na kila ukiosha kinapungua. Ukimwambia mteja kwamba dawa hii inaponya nywele unamdanganya, hata kama chupa imeandikwa hivyo.

Kiraka hicho hung'ang'ania zaidi nywele zilizoungua kwa dawa ya kulainisha, kupaushwa rangi au pasi ya kila siku. Nywele zisizoharibika hazikihitaji sana; ukirudiarudia, utando hurundikana juu, zikakakamaa.

Halafu kuna suala la ukubwa. Wengi huja wamepaka yai, wakiamini limeingia ndani. Haliingii, molekuli zake ni kubwa mno. Ndiyo maana viwanda huikatakata protini ya ngano, soya au hariri iwe vipande vidogo, na kwenye lebo utaona neno "hydrolyzed". Vipande vidogo sana hupenya, vikubwa hubaki juu na kuufanya unywele uonekane mnene. Tazama pia neno hilo limekaa wapi. Viungo hutangulia kwa wingi wake, kwa hiyo likija mwishoni, nyuma ya manukato, ujue kilichomo ni kidogo.

Sasa mikono yako. Chukua unywele uliolowa, uvute taratibu. Ulio mzima hurefuka kidogo kisha hurudi. Ukirefuka kama mpira uliochoka na usirudi, hapo protini ina kazi. Ukikatika papo hapo bila kurefuka, weka protini kando, tumia kondishena ya unyevu isiyo nayo. Jaribu nywele tatu au nne, maana za kisogoni na za utosini hazifanani.

Yule mteja nilimwosha kwa shampuu ya kuondoa mabaki, nikabaki na kondishena tu. Zililainika baada ya wiki kadhaa. Ncha zilizokwisha kuvunjika tulizikata.