Kabla ya Kuuza Kihamba kwa Ajili ya Tiba ya Seli

Limfoma kali ya seli B ya kaka yangu, saratani ya chembe za kinga, iliporudi baada ya dripu za R-CHOP, mchanganyiko wa dawa za saratani, kikao cha ukoo hapa Moshi kilijadili kihamba, yaani shamba la ukoo, kabla ya kujadili ugonjwa wenyewe. Mpwa wetu alikuwa amesoma kuhusu tiba ya seli inayochanganywa na dawa za kuamsha kinga ya mwili, na tayari bei ya ardhi ilikuwa ikitajwa.

Kwa familia iliyofika hapo, nashauri mambo mawili yatenganishwe. Tiba ya CAR-T, ambamo seli T za mgonjwa, aina ya chembe za kinga, hutolewa kwenye damu, hubadilishwa maabara ili zitambue alama ya CD19 iliyo juu ya seli za limfoma, kisha hurudishwa mwilini, imekwisha kuidhinishwa: Marekani kwa limfoma hizi mwaka 2017, na India, ambako wagonjwa wetu wengi hupelekwa, iliidhinisha CAR-T yake iitwayo NexCAR19 mwaka 2023. Kuiongezea lenalidomaidi, dawa inayochochea kinga, au dawa zinazoziondolea seli T breki, bado ni utafiti. Hoja yake inaeleweka, kwa kuwa seli zilizorudishwa huweza kuchoka kabla saratani haijaisha. Lakini atezolizumabu, mojawapo ya dawa hizo za kuondoa breki, ilipojaribiwa pamoja na CAR-T haikuonyesha faida ya wazi kuliko CAR-T peke yake. Kwa hiyo mtu asinunue lenalidomaidi kwa kusikia tu. Ni ndugu wa thalidomaidi, hudhuru mimba, hushusha chembe za damu na huweza kugandisha damu mishipani.

Swali ambalo watu hulisahau, nami naliona kubwa kuliko yote, ni la dripu inayofuata. Bendamustini, dawa ya saratani, kwa mfano, hudhoofisha seli T, na ikitangulia uvunaji wa seli hizo huweza kuharibu malighafi ya tiba nzima. Mwambieni daktari wa saratani mapema kwamba mnafikiria CAR-T, ili apange dawa akijua hivyo.

Hospitali ya nje tuliyoiandikia haikuanza na fedha. Iliomba vipande vya nyama ya uvimbe vilivyohifadhiwa kwenye nta, slaidi zake, na orodha ya kila dripu pamoja na tarehe. Vitu hivyo viombeni maabara sasa, maana kuvitafuta huweza kuchukua muda mrefu kuliko viza.

Bajeti nayo ihesabu wiki kadhaa za mgonjwa na msindikizaji kukaa karibu na hospitali, kwa sababu homa kali na kuchanganyikiwa huweza kufuata seli zinaporudishwa, na pia vipimo vya damu atakavyoendelea kufanyiwa akisharejea Moshi.