Pasteli inadondosha unga: nipulizie sprei?

SWALI: Nimenunua picha ya mwanamke mwenye kofia kwenye soko la vitu vya kale hapa Lyon. Imechorwa kwa pasteli, yaani vijiti vya rangi kavu, kwa mtindo wa Waimpreshonisti, wale wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19. Unga wa rangi umejikusanya chini, ndani ya kioo. Fundi wa fremu anashauri nipulizie sprei ya nywele ili rangi ishike. Nifanye hivyo?

JIBU: Usipulizie. Swali hili naletewa kila mara, na mara nyingi sprei imeshapuliziwa.

Watu huuona ule unga kama ugonjwa, kumbe ndiyo pasteli yenyewe: rangi iliyosagwa, chaki, na gundi kidogo mno. Chembe zimeshikilia karatasi kwa shida, na kwa kuwa zina hewa katikati yake, mwanga huzigonga na kutawanyika. Ulaini wa mashavu ya wanawake aliowachora Mfaransa Manet kwa pasteli miaka yake ya mwisho unatoka hapo. Ukizilowesha kwa sprei, ile hewa inajazwa utomvu, chaki inapoteza weupe, uso wa mwanamke unafifia na kuingia madoa. Na huwezi kuiosha sprei bila kuiosha picha.

Watakwambia Degas, mchoraji mwingine Mfaransa wa enzi hiyo, naye alitumia dawa ya kugandisha rangi. Ni kweli, mchoraji Mwitaliano Luigi Chialiva ndiye aliyempatia. Lakini Degas aliipulizia kati ya tabaka na tabaka, kisha akachora tena juu yake kwa rangi mbichi. Kazi ilikuwa bado mikononi mwake. Yako ilishamalizwa na aliyeichora.

Kagua fremu. Karatasi isiguse kioo. Ziachane milimita kadhaa. Kama mbele kuna plastiki ya kawaida badala ya kioo, huenda umempata mchawi, maana plastiki ikifutwa kwa kitambaa hupata umeme tuli na kuzivuta chembe. Usiifungue mwenyewe. Ibebe ikiwa imelala, uso juu, umpelekee mhifadhi wa kazi za karatasi.

Na si sprei tu. Wapo wanaosugua pasteli kwa nyama ya mkate, wanaopitisha pamba yenye maji, wanaopuliza vumbi kwa mashine ya hewa, na wote huita huko kusafisha. Mtu akikuahidi kurudisha mng'ao kwa saa moja, muulize anatia nini juu ya karatasi na kitatolewaje baadaye. Akibabaika, chukua picha yako uondoke.