Nanoselulosi ya mkonge ikishakauka haiimarishi utando wa wanga

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Natengeneza utando wa plastiki inayooza kwa wanga wa muhogo: wanga gramu 5, gliserini gramu 1.5, maji mililita 100. Ili uwe imara nimetoa nanoselulosi (chembe ndogo mno za selulosi, kiini cha nyuzi za mmea) kwenye mkonge kwa asidi ya sulfuriki, nikaikausha kwenye oveni, nikaisaga, nikaweka gramu 0.5, yaani asilimia 10 ya wanga. Utando umetoka na vipele vyeupe na unachanika upesi kuliko ule usiotiwa kitu. Je, nipandishe hadi asilimia 15? Nataka kutengeneza viriba vya miche. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Usipandishe, ndugu yangu. Hivyo vipele ndiyo nanoselulosi yako, ila si nano tena.

Chembe za selulosi ya mkonge zikitoka vizuri huwa na upana wa nanomita 4 au 5 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita) na urefu wa kama 200. Ndani ya maji hukaa mbalimbali, kwa sababu asidi ya sulfuriki huziachia vikundi vya salfeti vyenye chaji hasi, nazo zikasukumana. Maji yakikauka zinalaliana na kushikana kwa vifungo vya haidrojeni, na sehemu kubwa ya vifungo hivyo haiachii tena hata uloweke wiki nzima. Kinu hakizitenganishi; kinakupa punje za mikromita nyingi (mikromita moja ni nanomita 1,000). Punje ya namna hiyo katika utando wenye unene wa milimita 0.1 ni kokoto kwenye lipu nyembamba: ukivuta, ufa unaanzia hapo hapo.

Kwa hiyo nanoselulosi isikauke kamwe kabla haijaingia kwenye wanga. Chukua nyuzi zilizokwisha kuondolewa lignini (gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mmea) na kupaushwa. Kwa gramu 1 tumia kama mililita 20 za asidi ya asilimia 64 kwa uzito, nyuzijoto 45, dakika 45 hadi 60, ukikoroga. Ikigeuka kahawia nzito, ama lignini ilibaki ama umeunguza selulosi. Kisha mimina mchanganyiko huo ndani ya maji baridi mara kumi ya ujazo wake. Maji yasimiminwe kwenye asidi, itachemka na kukurukia. Vaa miwani na glovu. Osha kwa sentrifuji (mashine inayozungusha chupa kwa kasi ili yabisi itengane na maji) mpaka maji ya juu yakatae kutakata na kubaki na ukungu, kwa kuwa ukungu huo ndio chembe zako, usiumwage. Malizia kwa mfuko wa dayalisisi (unapitisha asidi na chumvi lakini hubakiza chembe) ndani ya maji yaliyotoneshwa, ukibadilisha maji mpaka pH isisogee. Hifadhi rojo lake kwenye friji.

Wenye haraka huua asidi kwa kostiki soda. Hapo wanatengeneza chumvi ya salfeti ya sodiamu, na chumvi hufunika zile chaji hasi, chembe zikagandana upya. Maji ya bomba yenye chokaa yana madhara hayo hayo.

Sasa kipimo. Ili nguvu ipite kutoka chembe moja hadi nyingine, lazima ziwe nyingi kiasi cha kugusana na kufanya wavu ndani ya wanga. Kadirio la kawaida ni kugawa 0.7 kwa uwiano wa urefu na upana. Kwa chembe zenye uwiano wa 50 unapata 0.014, yaani asilimia 1.4 ya ujazo. Ndiyo maana jaribio zuri huwa na asilimia 0, 1, 3 na 5 ya uzito wa wanga. Kupita hapo mara nyingi unanunua madonge tu.

Kabla ya kuchanganya, kausha gramu 10 za rojo kwa nyuzijoto 105 hadi uzito usibadilike, ujue kiasi cha yabisi. Sampuli hiyo usiirudishe. Tuseme ni asilimia 1. Asilimia 3 ya wanga gramu 5 ni gramu 0.15, hivyo pima rojo gramu 15 na upunguze maji yako hadi mililita 85. Wengi husahau kuyapunguza, uji ukawa mwepesi.

Tanguliza rojo ndani ya maji, si juu ya uji mzito. Litawanye kwa kifaa cha mawimbi ya sauti ya masafa ya juu (ultrasonic) dakika 5, chombo kikiwa ndani ya barafu, kisha tia wanga na gliserini. Pasha hadi nyuzijoto 85 au 90 na ushikilie dakika 20 ukikoroga polepole, maana kukoroga kwa nguvu kunaleta viputo. Viondoe kwa pampu ya vakyumu. Kwa trei ya sentimita 20 kwa 25 iliyopimwa kwa pimamaji, kiasi hiki chote kinatoa unene wa karibu milimita 0.1. Kausha kwa nyuzijoto 40 hadi 45 usiku kucha au zaidi. Joto likizidi, juu hutangulia kukauka na utando ukajikunja.

Usiupime siku hiyo hiyo. Maji yenyewe hulainisha wanga, na hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, kwa hiyo utando wa siku ya mvua hauwezi kulinganishwa na wa siku ya kiangazi. Weka vipande saa 48 kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, juu ya bakuli la magnesiamu naitreti iliyokolea hadi chumvi haiyeyuki tena. Kwa nyuzijoto 25 unyevu utatulia kwenye asilimia 53 hivi. Tegemea nguvu kupanda na mnyumbuko kupungua. Ukivunjika unapoukunja, pandisha gliserini hadi asilimia 35 ya wanga.

Kama huna sentrifuji, iache asidi. Nyuzi zilizopaushwa ambazo hazijawahi kukaushwa, chini ya asilimia 1 ndani ya maji, zisage kwa blenda yenye kasi kubwa dakika 30 kwa vipindi, zisipate moto. Utapata nyuzi ndefu zaidi, si sawasawa zote, lakini nazo zinaimarisha.

Kuhusu viriba nitakuwa mkweli: wanga na gliserini, hata vikiwa na nanoselulosi, havitahimili kumwagiliwa kila siku hadi mche ufae kupandwa. Nanoselulosi inaongeza nguvu, haizuii maji, na gliserini huchujika ikaingia kwenye udongo. Viwandani wanga huchanganywa na polima inayooza kama PBAT kwa kuyeyushwa ndani ya ekstruda, yaani mashine inayoyeyusha plastiki na kuisukuma kupitia tundu. Kwa trei yako, anza na vifungashio vya vitu vikavu.