Mgongo wazi, omena na mto Techa

SWALI: Mwalimu, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja nikiuza samaki Gikomba. Nina mbuta, ngege, omena, na mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta iliyotolewa minofu, kwa wale ambao pesa zao hazifiki kwa mbuta mzima. Tangu Siaya ianze kutajwa katika mipango ya kinu cha nyuklia, mteja wangu mmoja wa Kariobangi amenishikilia kwamba huko Urusi mto mzima uliharibiwa na samaki wake wakawa sumu. Ni kweli? Samaki aliyeharibika mimi namjua kwa macho na matamvua. Huyu wa nyuklia nitamjuaje? Na nikimkaanga akakauka vizuri, hiyo kitu haifi?
Mama Samaki, Gikomba

JIBU: Mama, mteja wako hakukudanganya. Mto wenyewe ni Techa, karibu na milima ya Ural. Kiwanda cha Mayak kilikuwa kikitengeneza plutoniamu ya mabomu, na kati ya 1949 na 1956 kilimwaga mtoni takriban mita za ujazo milioni 76 za maji taka yenye mionzi. Watu wa vijiji vya chini waliyanywa maji yale, wakanywesha ng'ombe, wakavua. Hawakuambiwa. Mimi nilikulia Ugenya, kando ya Nzoia, tukingoja mvua ije ningu wapande mto. Mtu angemwaga kitu kule juu na kunyamaza, tungeendelea kula tu, na nyanya yangu angeendelea kutuchagulia vichwa vinono.

Nikujibu la macho na matamvua: hutamjua. Samaki huyo anang'aa, ananukia mto, anaruka wavuni kama wenzake. Mwili wake ndio umedanganyika. Katika taka zile kuna siziamu na strontiamu, vitu vyenye mionzi. Siziamu inafanana na potasiamu ambayo mwili unaihitaji, kwa hivyo inaingia kwenye nyama. Strontiamu inafanana na kalsiamu, kwa hivyo inajengwa ndani ya mfupa. Samaki wa mtoni na ziwani hushika siziamu kuliko wa baharini, kwa sababu maji yao yana potasiamu kidogo na mwili hauachii chochote kinachofanana nayo.

Moto nao hausaidii. Hiki si kijidudu cha ugonjwa kinachokufa kwa joto. Ukichemsha na kumwaga supu, sehemu ya siziamu itaondoka na supu, lakini nani Nairobi anamwaga supu ya samaki? Kuanika ndiko kubaya zaidi, maana maji yanatoka na mionzi inabaki, kwa hivyo kilo moja ya omena wakavu inabeba iliyokuwa ndani ya kilo kadhaa za wabichi.

Inachukua muda gani kuisha? Inategemea kilichomwagwa. Huko Marekani, vinu vya Hanford, navyo vya plutoniamu ya mabomu, vilipitisha maji ya mto Columbia ndani yake ili kupoza mitambo, kisha vikayarudisha mtoni, tangu 1944 hadi 1971. Samaki walijaa fosforasi yenye mionzi, lakini hiyo hupungua nusu kila baada ya siku 14, na vinu vilipozimwa ikatoweka upesi. Siziamu na strontiamu huchukua miaka ipatayo 30 kupungua nusu. Ile ya Techa ya 1950 ilibaki nusu kufikia 1980, robo kufikia 2010.

Leo Kenya haina kinu cha umeme wa nyuklia, kwa hivyo uza samaki wako bila hofu hiyo. Tena kinu cha umeme si kiwanda cha mabomu, na Mayak ilimwaga kwa makusudi na kwa siri. Sitaki umtishe mteja wako kwa kuvichanganya.

Linalonisumbua mimi ni mgongo wazi wako. Minofu ya mbuta inapanda ndege kwenda ng'ambo, mfupa unabaki kwetu. Omena tunamla mzima, kichwa na mfupa. Na kupima siziamu ni rahisi: sampuli inawekwa kwenye mashine, mashine inaisoma. Strontiamu lazima kwanza itenganishwe kwa kemikali maabarani, kazi ya siku nyingi na ya gharama. Kwa hivyo mtu anaweza kupima minofu, akapata namba nzuri, akatangaza samaki ni salama, na asiwe amesema uongo hata kidogo, ilhali mfupa anaoula mteja wako wa Kariobangi haujaguswa.

Sheria ya mwaka 2019 ilituundia mamlaka ya kusimamia mambo ya nyuklia. Mkiitwa kwenye mkutano wa kutoa maoni, nendeni, ninyi wauzaji pamoja na wavuvi wa huko Siaya. Ombeni samaki wapimwe sasa, kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa, pamoja na tope la Nzoia na la Yala, ili baadaye kuwe na cha kulinganisha. Kisha waulizeni walichopima. Wakisema "samaki", mwulize yule mwenye karatasi: minofu peke yake, au pia mgongo wazi, na omena mzima kama tunavyomla?