Kabla hujanunua roli mpya ya pianola, uliza matundu yake yametoka wapi

Wateja wangu wakitaka roli mpya, swali lao la kwanza huwa ni karatasi: ni ngumu? Itadumu? Nafanya kazi ya kutengeneza pianola hapa Uingereza, na roli mpya ikinifikia mezani mimi huanza na swali jingine kabisa: aliyeitoboa alinakili kutoka wapi?

Kwa asiyewahi kuiona, pianola ni piano inayosoma karatasi. Unakanyaga pedali, mivukuto inanyonya hewa, na roli inapita juu ya upau wa shaba wenye matundu 88 ya noti, pamoja na mengine machache ya pembeni. Tundu la karatasi likikutana na la upau, hewa inapenya na nyundo inagonga waya. Watengenezaji walikubaliana vipimo hivyo mjini Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1908: upana wa inchi 11 na robo, matundu 9 kwa inchi. Ndiyo maana roli iliyotobolewa juzi inaingia bila tabu kwenye pianola ya miaka mia moja iliyopita. Kuingia, lakini, si kupiga vizuri.

Roli mpya nyingi ni nakala za roli za zamani, na ubovu mwingi huanzia hapo. Mashine ya kutoboa haiendi kwa mtiririko. Inasogeza karatasi hatua moja, inatoboa, inasogeza tena. Roli ya mwaka 1922, tuseme, ilikuwa na urefu wake wa hatua. Anayeinakili leo kwa mashine yenye hatua tofauti atakuta matundu mengine yanaangukia katikati ya hatua mbili, na mashine italazimika kuchagua: hili lisogee mbele, lile lirudi nyuma. Tofauti ni ndogo kuliko milimita, lakini sikio linaisikia. Akordi iliyopaswa kushuka kwa pigo moja inamwagika noti moja moja, na dansi linachechemea.

Mafundi wazuri hawafanyi hivyo. Wanaipiga skana roli ya zamani, wanatafuta hatua ya mashine iliyoitoboa, kisha wanarudisha kila tundu kwenye safu yake ya asili. Nakala ya namna hiyo ni sawasawa na ile iliyotoka kiwandani enzi hizo, na mara nyingi inapiga vizuri zaidi, kwa sababu ile ya zamani imeshachanika kingo. Ukisikia kuwa nakala imetolewa kwenye nakala nyingine, achana nayo.

Unaweza kupima mwenyewe. Chagua roli ya dansi, zile ambazo matundu yake yalipangwa mezani na mpangaji, wala si kurekodiwa mpiga piano akipiga, maana vidole vya mtu havishuki vyote pamoja na roli yake itakudanganya. Ikunjue, tafuta akordi nzito, laza rula kukata upana wa karatasi. Mianzo ya matundu yote ya akordi ile iguse rula. Kisha tazama noti ndefu. Kwa kawaida haiwi mwanya mmoja mrefu, bali msururu wa matundu yenye vidaraja vyembamba vya karatasi katikati. Vidaraja vikiwa vipana mno, noti inakatikakatika na kibonye kinatetemeka. Visipokuwepo kabisa, karatasi inalegea na kujikunja.

Mzee mmoja aliwahi kuniita akiamini mivukuto yake imekufa, kwa kuwa muziki wote ulikuwa unavuma kama uko ndani ya pipa. Nikaweka roli ya zamani niliyokuja nayo. Piano ikaimba safi. Kwenye roli yake mpya, tundu la pedali ya kuachia sauti, ile inayoziacha noti ziendelee kuvuma, upande wa noti nzito, lilikuwa refu kupita kiasi, pedali haikuinuka hata mara moja. Alikuwa tayari kulipia mivukuto mipya! Kaa na roli moja ya zamani unayoiamini, na uipige kabla hujamwita fundi.

Halafu kuna roli za nyimbo za siku hizi, zinazotobolewa moja kwa moja kutoka faili la kompyuta. Zipo nzuri. Lakini faili linaloimba vizuri kwenye spika halijui kuwa kibonye kinahitaji nafasi ya kurudi juu. Noti ileile ikirudiwa haraka bila mwanya wa kutosha kwenye karatasi, utasikia pigo moja mahali pa matatu. Mtunzi Conlon Nancarrow, aliyekuwa akitoboa roli zake mwenyewe kule Mexico City, aliandika muziki usiowezekana kwa vidole vya binadamu, lakini unaowezekana kwa mashine. Wauza mafaili wengi hawajajisumbua kujua mpaka huo uko wapi.

Karatasi, basi. Unene una umuhimu, ila si kwa sababu ya kudumu tu. Roli ikijizungusha kwenye bomba la chini, bomba linanenepa na karatasi inazidi kwenda kasi. Tempo 80, namba ya kasi inayoandikwa kwenye roli, maana yake futi 8 kwa dakika, lakini hiyo ni ya mwanzoni. Karatasi nene kuliko ile ya asili huongeza kasi hiyo, na wimbo mrefu unaishia mbio. Unyevu nao hupanua karatasi: ikihama kama milimita moja na nusu, tundu limeshaanza kugusa noti ya jirani. Iache roli chumbani ilipo piano siku mbili kabla ya kuipiga. Na upitishe kidole kwenye matundu: ukihisi manyoya, meno ya mashine yalikuwa butu, na vumbi hilo litanyonywa mpaka ndani ya upau.

Muuzaji muulize mambo matatu: nakala imetoka roli gani, hatua ngapi kwa inchi, na kama matundu madogo ya pembeni yanayokoleza melodia yamebakizwa. Anayejua kazi atakuchosha kwa maelezo. Akikujibu tu kwamba "imetengenezwa kwa kompyuta", agiza moja fupi kwanza.